Kafyu ikirudi kesho, jirani yako atakula nini?

JUMA lililopita nilitoka katika mkutano wa chama chetu cha akina mama nikiwa na mzigo moyoni, na leo nimeamua kuutua hapa mbele yako.

Kisa chenyewe kilianza na simu. Tulikuwa tumekwisha kuhesabu michango na chai imemiminwa, ndipo mwenzetu mmoja akatuchezea sauti aliyotumiwa na mtu ambaye naye alikuwa ametumiwa na mwingine. Mwanamume asiyejitaja jina alikuwa akisema kwa sauti nzito kwamba kuna ugonjwa mpya unaokuja, kwamba wakubwa wa Shirika la Afya Duniani wamekwisha kutia sahihi mkataba wa siri, na kwamba nchi itafungwa tena kama ilivyofungwa wakati wa korona. Hakuna kutoka nje usiku, hakuna shule, hakuna kanisa wala msikiti.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga karibu na steji yetu. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Wakifunga tena, wanizike kabisa," akasema. "Mimi sizimi jiko langu tena kwa amri ya mtu. Waje wanikute pale pale kwenye karai."

Aliyeketi mkabala naye ni muuguzi. Akatikisa kichwa. "Usiseme hivyo, mama. Hukuyaona niliyoyaona. Nimewafunika watu shuka usoni, jamaa zao wakiwa nje ya lango hawaruhusiwi kuingia. Ukija ugonjwa wa namna ile, na wafunge. Heri njaa kuliko kaburi."

"Heri njaa? Njaa ya nani, dada? Mshahara wako ulisimama hata mwezi mmoja?"

"Ulisimama," akajibu muuguzi. "Ule mgomo wa Desemba 2020, tulipokuwa tukidai vifaa vya kujikinga na bima. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nilikuwa nikila nini."

Chai ikapoa vikombeni. Kisha yule mama wa samaki akasema neno moja lililotunyamazisha sote. Neno hilo nitakueleza, msomaji, lakini kwanza niruhusu nilijibu swali lililoanzisha ugomvi wenyewe, maana si chama chetu pekee kinachogombana juu yake. Kila inapotokea habari ya ugonjwa mgeni, swali hilo huzuka katika matatu, vinyozini na mezani nyumbani: je, nchi ikiwa imekwisha kufunguliwa, masharti yale yanaweza kurudi?

Yalirudi

Hebu turudi nyuma kidogo, kwani sisi binadamu tu wepesi wa kusahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi, na baada ya siku mbili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata.

Julai 7, 2020 mipaka hiyo ikafunguliwa, watu wakashukuru Mungu, mabasi ya kwenda mashambani yakajaa. Wengi tulidhani yamekwisha. Hazikupita wiki tatu kabla ya serikali kupiga marufuku uuzaji wa pombe katika mikahawa na kuamuru ifungwe saa moja jioni. Mwisho wa Septemba kafyu ikasogezwa hadi saa tano usiku na baa zikafunguliwa. Novemba 4 ikarudishwa nyuma hadi saa nne. Machi 26, 2021 kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru, zikafungiwa ndani na kafyu yao ikawa saa mbili usiku. Zikafunguliwa Mei 1. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya kaunti 13 za magharibi na kandokando ya Ziwa Victoria, wao wakarudishwa kwenye saa moja jioni kama mwanzo.

Kafyu iliondolewa nchini kote Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa. Machi 2022 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba si lazima tena kuvaa barakoa mahali pa wazi. Juni mwaka uo huo akatangaza kwamba barakoa zirudi madukani na katika magari ya abiria. Ilikuwa miezi ya kampeni, na nadhani wewe mwenyewe unakumbuka ni wangapi walioitii amri hiyo.

Basi anayeuliza kama masharti hurudi baada ya nchi kufunguliwa, sisi Wakenya tumekwisha kujibiwa. Yalirudi si chini ya mara tano mbele ya macho yetu. Ndiyo sababu, hata baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza Mei 5, 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena, mioyo yetu haijatulia. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ugonjwa na ugonjwa

Lakini ung'ongo si nyoka, ndugu msomaji, na hapa ndipo ile sauti ya kwenye simu ilipotupotosha.

Kwanza, ule mkataba. Ni kweli kwamba Mei 2025 mataifa yaliyokutana Geneva yalipitisha mkataba wa kujiandaa kwa magonjwa ya kuenea duniani. Lakini haukuwa wa siri, na ndani yake imeandikwa waziwazi kwamba shirika hilo halina mamlaka ya kuiamuru nchi yoyote ifunge watu majumbani, izuie wasafiri au ilazimishe chanjo. Kafyu ya 2020 haikutoka Geneva. Ilitoka Nairobi, kwa sheria zetu wenyewe za afya na za utulivu wa umma, na sheria hizo zingalipo. Ukitaka kujua nani anaweza kukufungia, usitazame ng'ambo. Tazama uliyempigia kura.

Pili, si kila ugonjwa hufungiwa mlango mmoja. Julai 2024 kisa cha kwanza cha mpox kilipatikana hapa kwetu, kwa msafiri aliyekuwa akipita mpaka wa Taveta. Katikati ya Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Je, ulilala mapema kwa sababu ya kafyu? Hukulala. Shule ziliendelea. Ugonjwa ule huenea zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mtu mwenye vidonda, si kama korona inayopanda hewani mtu akiongea au akiimba. Kazi ilikuwa kuwapima wasafiri mipakani, kuwatenga wagonjwa na kuwatafuta waliowagusa. Kuwafungia watu wa Nairobi majumbani usiku kusingeleta faida.

Sasa tazama jirani zetu wa Uganda. Septemba 2022 walipata Ebola. Rais Yoweri Museveni alisema mwanzoni kwamba hakukuwa na haja ya kufunga mahali popote. Oktoba 15 akafunga wilaya mbili, Mubende na Kassanda, kwa siku 21. Siku hizo zikaongezwa, zikaongezwa tena, na wilaya hazikufunguliwa hadi Desemba 17. Kwingineko nchini watu waliendelea na shughuli zao.

Kwa hivyo, mtu akikuapia kwamba masharti hayatarudi kamwe, anakisia. Akikuapia kwamba yatarudi mwezi ujao, naye anakisia. Yakirudi, yatategemea ni ugonjwa gani, unaambukizwa vipi, hospitali zina vitanda na hewa ya oksijeni kiasi gani, na waliomo ofisini siku hiyo wana busara kiasi gani. Mimi na wewe hatuwezi kuyaamua hayo tukiwa tumeketi na kikombe cha chai.

Nani alilipa?

Jambo tunaloweza kulitazama vyema ni hili: mara ile ya kwanza, nani alilipa?

Amri ilikuwa moja kwa wote, lakini mzigo haukuwa mmoja. Mtu wa kazi ya ofisi alifungua kompyuta mezani kwake akaendelea na mshahara. Matatu ya abiria 14 iliamriwa ibebe 8, na mwenye gari hakukubali hasara. Nauli ikapanda, akalipa yule yule anayeamka saa kumi kwenda kibaruani. Walimu wa shule nyingi za kibinafsi walikaa miezi bila senti. Watoto waliambiwa wasome kwa redio, televisheni na intaneti, na nyumba isiyo na stima ikanyamaza. Uganda ndiyo iliyokaa na shule zilizofungwa muda mrefu zaidi duniani, karibu miaka miwili, hadi zilipofunguliwa zote Januari 2022. Kwetu tulifungua shule zote Januari 2021, kisha tukawakimbiza watoto muhula juu ya muhula, likizo nyingine zikiwa za wiki moja tu, na kalenda haikutulia hadi 2023. Wazazi wa wasichana wengi wanajua ni kitu gani kingine kilichoingia nyumbani katika miezi ile ya kukaa bure.

Kuna waliolipa zaidi ya hapo. Siku ile ile kafyu ilipoanza, wasafiri waliokuwa wakisubiri feri Likoni walipigwa rungu na kurushiwa vitoa machozi, wakakanyagana wakitafuta pa kukimbilia, ilhali tulikuwa tumeambiwa tusisongamane. Siku tatu baadaye, katika mtaa wa Kiamaiko hapa Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumbani kwao alipigwa risasi polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu, akafa. Rais aliomba radhi kwa nguvu zilizotumiwa na polisi. Radhi haimrudishi mtoto mezani.

Nami sisemi haya kumpinga yule muuguzi. Korona haikuwa uzushi. Zaidi ya Wakenya 5,600 waliandikwa kuwa wamekufa kwayo, na hao ni wale tu walioandikwa. Walikuwamo madaktari na wauguzi waliokufa wakiwahudumia wengine. Yeye mwenyewe alilala miezi mitatu katika chumba cha kukodi, akiwaona wanawe kwa dirisha. Mtu aliyeona watu wakigombea oksijeni ana haki ya kusema fungeni. Na mtu aliyeona karai lake likipoa ana haki ya kusema msifunge. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo linaloufanya ugomvi huu kuwa mgumu.

Friji

Sasa nilifikie lile neno.

Februari 2020, kabla ya mambo kuharibika, yule mama wa samaki alikopa shilingi 30,000 chamani akanunua friji, ili asiwe akitupa samaki waliobaki. Biashara yake ni ya jioni. Wateja wake ni watu wa viwandani wanaoshuka kwenye steji kuanzia saa kumi na mbili u nusu. Kafyu ilipokuja, saa moja kamili polisi walikuwa barabarani. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Alikuwa amebakiwa na nusu saa ya kuuza.

Aprili hakulipa. Mei hakulipa. Juni hakulipa. Katiba ya chama chetu ilisema kwamba mwanachama akikosa miezi mitatu, mali aliyonunua kwa mkopo itachukuliwa. Kwa kuwa mikutano ilikuwa imekatazwa, tulipiga kura kwa simu. Mwenyekiti aliandika swali, nasi tukajibu. Tulikuwa 12. Mwenyewe hakupiga kura, muuguzi alikuwa zamu, na waliobaki wote walikubali.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliandika neno moja tu: "Sawa." Nilikuwa jikoni nikipika, hata moto sikupunguza.

Vijana wawili walikwenda na mkokoteni. Nasikia binti yake, aliyekuwa darasa la saba, ndiye aliyeichomoa friji ukutani na kuikunja waya vizuri ili isikanyagwe. Tuliiuza shilingi 17,000. Deni lililobaki alilipa polepole kwa miaka miwili, na hakuna siku aliyolitaja jambo hilo. Alirudi chamani, akachangia, akacheka nasi, akatupikia arusi za watoto wetu. Nasi tukajiambia kwamba amesahau.

Basi siku ile, muuguzi alipomaliza kusema, yule mama alitutazama mmoja mmoja, akasema: "Kafyu iliwekwa na serikali. Lakini friji yangu haikuchukuliwa na serikali."

Ndugu msomaji, nimeandika mengi katika ukurasa huu nikiwalaumu wakubwa, na lawama nyingine walistahili. Lakini neno lile lilinikuta sina pa kujificha. Serikali ilitoa amri. Ni nani aliyemfungia mpangaji mlango kwa kufuli kwa sababu ya kodi ya Mei? Ni nani aliyemwachisha kazi yaya siku ya pili bila nauli ya kumfikisha kwao? Ni nani aliyempandishia bei ya barakoa jirani yake? Si wakubwa wa Geneva. Wala si waziri. Ni mimi na wewe, tukiwa na katiba zetu ndogo mkononi.

Tahadhari kabla ya hatari

Hatukuachana hivyo hivyo. Nilisimama nikamwomba msamaha mbele ya wote, na wengine wakafuata. Sitakudanganya kwamba alilia na kutukumbatia. Alisema tu, "Nimesikia." Ndipo muuguzi, yule yule aliyekuwa akigombana naye, akapendekeza tuibadilishe katiba. Tukakubaliana hivi: serikali ikifunga shughuli kwa sababu ya ugonjwa, malipo ya mikopo yatasimama hadi mwezi mmoja baada ya kufunguliwa, faini hazitatozwa, na hakuna mali ya mwanachama itakayoguswa. Pia kila mkutano kila mmoja ataweka shilingi 50 kando, pesa zisizokopeshwa, ziwe za unga siku kama zile.

Mama wa samaki akauliza, "Na hiyo hamsini itawekwa na nani?"

Tukamwambia itawekwa naye.

Huenda chama chako hakina jambo kama hili la kujutia, na kama ni hivyo mshukuru Mungu. Hata hivyo nakusihi, leo baada ya chakula, keti na jamaa zako muulizane maswali machache. Katika nyumba yetu, ni pato la nani litakalokatika siku ile ile nchi ikifungwa, na la nani litaendelea? Mwenye pato linaloendelea atambeba nani? Dawa za sukari au za shinikizo la damu za mzee aliye mashambani zitamfikiaje barabara zikizibwa? Mama akiwa muuguzi na baba akiwa dereva, watoto watakaa na nani? Kama una mpangaji, una mfanyakazi wa nyumbani, au unadai mtu, mtaelewana vipi, na mbona msielewane sasa hivi mkiwa hamna hofu?

Na ukiletewa sauti ya mtu asiyejitaja jina, usiitume mbele. Subiri usikie Wizara ya Afya imesema nini. Ikisema kwamba kuna haja ya masharti, tusikubali tu na tusikatae tu. Tuulize: ni kwa siku ngapi? Yanazuia nini hasa? Wanaoishi kwa pato la siku watakula nini kuanzia jioni ya kwanza? Na polisi wameagizwa nini? Serikali inayoweza kuyajibu maswali hayo itatiiwa bila rungu. Isiyoweza, hata ikipanga askari kila kona, watu wataipita vichochoroni.

Mimi sijui kama kafyu itarudi katika maisha yangu. Naomba isirudi. Lakini ikirudi, sitaki binti ya mtu yeyote aikunje tena waya ya friji kwa ajili ya neno nililoandika nikiwa napika.

Wewe je, msomaji, miezi ile ilikukuta vipi, na ni nani aliyekufaa kwa dhiki? Niandikie kupitia kwa mhariri wa ukurasa huu. Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia. Kwaheri.